Kamba za Ngao

Ngao ya Lushinge nzito
nilibeba, ni mtoto,
majabalini, kwa joto,
hadi Nyegezi ziwani.

Kwa majivu na mchanga
mkuki ukanywa mwanga;
sikula hata karanga
tangu jua la jioni.

Usiku kabla ya vita
polepole akanita:
"Funga kamba, zinapita,
zateleza vidoleni."

Kamba hazikuwa mbovu.
Mkono wenye makovu
watetema kama mbavu
za ndama wa machinjoni.

Nikafunga. Sikusema.
Alfajiri kasimama
juu ya jiwe, mzima,
vigelegele hewani.

Leo mwenye ngao mimi;
Ngasa afunga, hasemi,
atazama kule, nami
ninatazama majini.