Msomaji wa Mita

Aikande Kiwelu alikuwa karani wa kahawa.
Mchana alipima magunia ya watu,
usiku alipima mwaka elfu mbili mia moja na arobaini
kwa taipureta ya Ushirika, mlango kaufunga kwa kiti.

Mimi nilipanga herufi zake, herufi za risasi,
nyuma ya soko la Kiboriloni.
Ukurasa wake mmoja ulitumalizia "a" zote kiwandani.
Nikamwambia, Mama, punguza "a".
Akajibu: "Nitoe ipi, ya haki au ya maji?"

Katika kitabu cha kwanza theluji ya Kibo inagawiwa kwa kijiko,
foleni inaanzia Marangu, na wenye kadi
wanaipeleka kwa wagonjwa mbio, kiganja juu ya kijiko.
Katika cha pili mfongo umefungwa kisanduku cha chuma
kinachohesabu matone kwa sauti ya mwalimu wa darasa la pili.
Watu walicheka. Mfongo uliochimbwa na mababu
kwa jembe na mbege, nani atauhesabu?

Afande hakucheka.
"Huyu Waziri wa Barafu ni nani?"
"Hajazaliwa, afande."
"Basi mama yake ni nani?"

Siku kumi na tisa. Akatoka miguu imevimba,
akaja moja kwa moja kiwandani na sura nzima kichwani,
maana karatasi walimnyima.
Akawa anasoma darini, nami napanga,
na kila alipofika nukta alikohoa.

Mwaka wa vyama vingi akagombea udiwani.
Alishindwa kwa kura arobaini na moja.
Kwenye daftari tukamkuta marehemu baba yake
kapiga kura saa moja na nusu asubuhi.
"Uongo. Baba hakuamka mapema hivyo hata siku moja."
Kisha, akikaza kitenge:
"Na akiamka, wala hanipi mimi."
Lakini wafu wanaoshuka kutoka migombani kwenda kupiga kura
alikwisha kuwaandika miaka minane nyuma,
na hilo ndilo hakulisamehe:
"Kura waibe. Na kisa changu pia?"

Waliomwita nabii aliwafukuza uani.
"Nabii hulipwa mawe. Mimi nunueni kitabu."
Uzeeni, sikio moja limekufa,
hakukosa mkutano wa bodi ya maji.
Swali lake lilikuwa lile lile: ndoo ni shilingi ngapi,
na nani alikaa chini akaipanga?

Tumemzika kihambani Jumanne.
Ijumaa, turubai halijashushwa, masufuria ya watu hayajarudi,
kijana wa fulana ya buluu akapita uani na tochi,
akainamia kisanduku cha chuma pale ulipokuwa mfongo.
Kikalia mara mbili.
Akauliza: Aikande Kiwelu yupo?
Nikamuuliza yeye ni nani.
"Msomaji," akasema. "Msomaji wa mita."

Nikamletea kiti.