Bei ya Mlangoni

Kiti changu ni cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya,
kipo kati ya milango miwili, nyuma ya soko la Malindi,
pale harufu ya papai bovu inapokutana na ya dawa ya deki.
Mkebe wa sarafu. Karatasi nimezikata mwenyewe:
vipande vinne kwa mtu, mkorofi vitatu.
Sabuni ya mche nimeifunga kamba,
maana sabuni isiyofungwa hapa huota miguu.

Shilingi ishirini. Ndogo au kubwa, bei moja.
Siulizi. Mimi si hakimu.
Mgeni siku mbili, wanasema, ya tatu mpe jembe;
wangu humpa kopo dakika ya kwanza
na hajakaa hata ya kumi.

Wazungu nawajua kabla hawajanijua.
Husimama penye kandambili wasizozitaka,
wanaulizia bei, magoti yamebanana,
macho yanatafuta kibao.
Kila mmoja ana neno lake la choo,
na sijawahi kukosa kulielewa hata moja.

Mwezi wa nane alikuja mama wa Kiitalia,
rika langu, pengine ananizidi.
Akaingia, akatoka mbio kama aliyekuta nyoka.
Akauliza kwa mikono: kiti kiko wapi?
Nikajibu kwa mikono: hakuna.
Tundu, na nyayo mbili za saruji.
Nikakusanya leso, nikachuchumaa palepale
mbele ya wauza nyanya, nimfundishe.
Wauza nyanya wakaangua kicheko.
Yeye hakucheka. Aligusa goti lake,
goti lenye mshono mrefu wa hospitali,
akatikisa kichwa.

Basi nikaingia naye.
Nikampa mkono, uso nikaugeuzia ukutani,
nikasoma yaliyochorwa kwa makaa:
*Tsuma anampenda Dama.* *Tsuma muongo.*
Mkono wake ulikuwa na pete tatu,
ulinikamata kama mtu aliye ukingoni mwa kisima.
Haja yake ikakataa kutoka, kwa aibu,
nikafungulia bomba liiite,
ikaja.

Kopo nilimwachia. Alilitumiaje, sijui.
Alitoka viatu vimelowa chapachapa,
sasa ndiye anayecheka.
Akanipa mia mbili.
Nikamrudishia mia na themanini.

Mwanangu Mbodze yuko huko kwao, mwaka wa pili huu,
anaogesha wazee wa watu
katika mji ambao jina lake linanishinda ulimi.
Juzi alinipigia usiku, sauti ameibana:
Mama, niko stesheni.
Mlango wa choo unataka sarafu.
Nimetia, umemeza. Nimetia nyingine.
Umenyamaza.
Nikamwambia, si umwite mwenye choo?

Kukawa kimya. Garimoshi likapita ndani ya simu,
refu, halikuwa na mwisho.
Hakuna mwenyewe, Mama.
Hakuna kiti. Hakuna meza.
Ni mlango tu.
Na mkobani nina chupa yangu ya maji,
natembea nayo kama mgonjwa na dawa yake,
kwa kuwa hata ukifunguka
ndani ni karatasi tupu.

Salio likaisha, lake au langu.
Alistahimili? Alijisitiri wapi?
Sijamuuliza hadi leo.
Yapo ambayo hata mzazi huyapita
ameugeuzia uso ukutani.

Asubuhi nilifungua kabla ya muadhini kumaliza.
Kijana wa kigeni alikwisha kufika,
begi limempita kichwa, anacheza miguu kwa miguu,
ameshika noti ya elfu. Chenji sina. Naye anajua sina,
macho yameanza kumtoka.
Nikampa karatasi. Nikahesabu vinne,
nikaongeza cha tano.
Ingia baba, ingia. Utalipa siku ukipata.

Nikavuta kiti kikasogea mlangoni,
nikakohoa kidogo,
ajue kuna mtu.