Bei ya Barafu

Kizuri chajiuza, alisema Ngumbao,
akalifuta gitaa lake kwa kipande cha leso
akaliegemeza ukutani, akalala.
Miaka minne kizuri chetu kilijiuza
nyuma ya mashine ya kusaga unga, Kisumu Ndogo,
saa tatu usiku, mota ikishapoa,
na wateja wake walikuwa panya
na mwenye mashine, aliyekuja kudai kodi.

Mimi mpiga ngoma. Kazi yangu kuhesabu.
Nyimbo: ishirini na tatu.
Kazi: harusi ya binamu yake Nyevu, bure,
na mkutano wa chama cha bodaboda
walipotukatiza wimbo wa pili
wapate kumchagua mweka hazina.

Chivatsi, kwa upande wake,
hupapasa kinanda kama mtu
anayetafuta sarafu chini ya godoro.
Lakini mdomo! Mdomo wake una miguu.
Hufika Casuarina kabla yake,
huingia hotelini kwa mlango wa mbele,
humwambia meneja tumetoka Unguja majuzi,
ilhali kama bendi hatujavuka hata daraja la Sabaki.

"Mdomo haupigi gitaa," alisema Ngumbao.
"Na gitaa halipigi simu."
Wiki nzima hawakusemezana.

Chivatsi akauza viatu vyake,
akachapisha mabango mia mbili,
akapika gundi ya unga wa muhogo
akabandika usiku kucha, Maweni, Ngala, Barani,
mpaka ukuta wa soko la samaki.
Asubuhi tukatoka kwenda kujisoma.
Tulikuwa tumeandika SAUTI YA BARANI.
Mpiga chapa, kwa haraka au kwa njaa,
alikuwa ametupa SAUTI YA BARAFU,
na chini yake, sahihi kabisa, namba ya simu.

Simu ikalia.
"Mnauza kwa kipande au kwa gunia?"
Ikalia tena, mwenye duka la soda.
Ya tatu ilitoka kwa watu waliofiwa;
tukavua kofia, tukawaelekeza inakouzwa.

"Hongera," Ngumbao akasema. "Sasa tutafutie friji."
Chivatsi hakujibu. Alikuwa peku,
vidole vyake vina gundi bado.

Jioni akapiga Bi Zena, muuza samaki wa Mambrui.
Nyevu akapokea, amechoka:
"Barafu hatuna, mama. Tuna magitaa mawili na ngoma."
Kimya.
"Basi mmejiitia nini barafu? Hebu nipozeni."

Nyevu akailaza simu juu ya gunia la mahindi.
Akaimba ubeti mmoja tu, karibu kunong'ona,
na Ngumbao, asiyependa simu,
akainama mpaka paji la uso likagusa nyuzi.
Ngoma sikuipiga. Niligonga goti.
Kutoka Mambrui tulisikia feni, mtoto, sufuria zikioshwa.
Kisha hatukusikia sufuria.

"Jumamosi namwoza mwanangu," sauti ikasema.
"Njooni. Barafu nitanunua kwingine."

Tulivuka Sabaki nyuma ya pikapu ya mkaa.
Tulipiga zote ishirini na tatu
na mbili tulizozitunga palepale kwa hofu.
Tukalipwa nusu pesa, na nusu
changu wanne ndani ya ndoo ya barafu.

Kurudi, ubishi ukaanza tena kabla ya daraja.
Bango lilimwita, alisema huyu.
Wimbo ulimshika, alisema yule.
Nyevu, sauti imemkauka,
alituonyesha kwa kidole tunyamaze.
Mimi nilijaribu kuhesabu: gundi, nyuzi,
viatu, kosa la mtu nisiyemjua
na sufuria zile zilizonyamaza.
Hesabu haikufunga. Haijafunga hadi leo.

Maweni, alfajiri, bango moja lilikuwa limesalia.
Mtu alikuwa ameongeza kwa mkaa:
gunia shilingi mia mbili.
Pembe moja imebanduka, inapepea.
Chivatsi akashuka peku, akalilamba, akalibandika upya.
Alikuwa haoni vizuri.
Ngumbao akamshikia tochi.