Kisafina cha Miyaa

Kitabu kilichotoka bara kimeandika:
gundi, mikasi butu, karatasi za rangi saba,
pamba ya kuwa mawingu.
Hapa Wete, Jumapili baada ya ibada, nina
mkasi mmoja, mali ya fundi Zakayo, urudi kabla ya saa saba,
watoto kumi na mmoja,
na mvua ya vuli inayochungulia dirishani kama mdai.

Safina ya Nuhu tuliijenga mwezi uliopita
kwa boksi la sabuni. Ikapendeza.
Mchwa wakaingia wawili wawili,
kisha elfu elfu.
Kanzu ya Yusufu tuliishona kwa viraka vya kanga,
na kila mtoto akataka kiraka chekundu,
hata Edigari akatupwa shimoni kweli,
shimo la taka, nyuma ya kanisa.
Sikuhitaji tena kueleza wivu.

Leo ni Musa.
Musa mwenyewe ni gunzi la muhindi
ndani ya kitambaa, macho mawili ya makaa.
Kazi ni chombo.
Nikavuka njia, nikabisha kwa Bi Time Faki,
kaa kitako barazani, chane mapajani,
ukili unamtoka vidoleni bila kuutazama.
Akacheka. "Musa wa Firauni?
Huyo mbona twamjua, mwalimu!
Walete. Waje wamenawa."

"Hii juu, hii chini. Usivute kwa hasira,
muwaa una kinyongo."
Anzigari alisuka kwa ulimi nje.
Yustina alisuka kitu
ambacho mpaka sasa sijakipatia jina.
Shazia ikamdunga Edigari; akanyonya kidole, akaendelea.
Kufika adhuhuri,
vitatu tu vilifanana na vyombo.
Bi Time akaleta ulimbo wa fenesi kwenye kifuu,
tuzibe matundu,
na ulimbo ukanata kila pahala:
nyweleni, shingoni,
kwenye mkasi wa Zakayo. Nitajieleza kesho.

Beseni la buluu likajazwa maji.
Cha kwanza kikazama polepole, kwa adabu.
Cha pili kikapinduka,
na Musa akaelea peke yake, chali,
kama mtu aliyekwenda kuoga kwa hiari yake.
Watoto wakacheka hata wakashikana.
Cha tatu, cha Febronia,
kikayumba,
kikanywa maji kidogo,
kikakaa.

Nilikuwa na maswali matano,
nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu.
La kwanza: nani alibaki kukilinda?
"Umbu lake," nikajijibu, maana hawakujibu.
"Umbu ni nini, mwalimu?"
Nami, mtu wa Songea,
neno hilo nimelijua kwa macho tu.
Bi Time hakuinua uso kwenye ukili.
"Umbu ni nduguyo wa tumbo moja,
wewe ukiwa mke na yeye mume.
Edigari ana umbu. Huyu Febronia ana umbu."

Kukawa kimya.
Umbu la Febronia lina miezi minne.
Liko hospitali, Mkoani, tangu Alhamisi,
na mama yuko huko,
na baba anapiga simu jioni, anasema
"bado."

Saa saba wenziwe wakaondoka,
kila mmoja na uzi wake wa ukili mkononi kama mkia.
Febronia hakuondoka.
Alisimama hatua tatu mbali na beseni,
mikono nyuma,
kama mtu asiyehusika na lolote.
Mvua ikaanza; akasogeza beseni ndani ya baraza,
maji hayakumwagika,
akarudi kwenye hatua zake tatu.

Nikafunua kinywa. Nilikuwa na maneno,
mwalimu hakosi maneno.
Bi Time akanigusa goti.
Beseni lile ni lake la kurowekea mchele,
kesho ana oda ya mikate ya kumimina,
na jua lilikuwa limeshapinda.
"Liache hapo," akasema.
"Mchele n'tauroweka chunguni."