Umbo la Sebule

Nyanzobe huuza barafu Mwaloni, Kirumba.
Asubuhi bonge lina pembe zake:
liweke ndooni, lilaze juu ya sangara,
pembe ni zilezile.
Labda msumeno ndio ubishane nalo.

Saa saba mteja anarudi na ndoo, kafura.
“Barafu yangu iko wapi?”
“Hiyo hapo. Imechoka kusimama.”

Anammiminia kwenye sufuria, amwonyeshe.
Maji hayana ubishi, yamekuwa sufuria.
Lita tatu ndooni, tatu humu.
Umbo wameazima, kiasi hawajaazima.

Mimi hayo niliyajua kabla ya mwalimu wa fizikia,
mwaka ziwa lilipopanda likaingia kwetu, Igombe.
Halikuwa na kona, likachukua za sebule.
Likawa kabati kwa ndani,
likawa kiatu cha baba, cha kushoto,
na juu likajinyoosha sawasawa
kama kitanda cha mgeni.
Jiwe la kusagia tu halikujali:
lililowa, likabaki jiwe.

Maji yalipotoka yalituachia dagaa nyuma ya kabati.
Wachache, wa kujaa kiganja.
Harufu yao ikajaa chumba, ikajaa ukumbi;
tukafungua madirisha, ikajaa kwa kina Kwilasa,
na kwetu haikupungua, au pua zetu zilikataa kuamini.

Ziwa limerudi kwake.
Jiwe lipo, mama analisagia ulezi.
Ile harufu sijui iliishia wapi.
Haikuwa na pembe ya kuishikia,
wala debe la kusema: imejaa, basi.