Dirisha la Chumba cha Tatu

Bi Nyanzala alipima uwani kwa nyayo zake,
kanga kiunoni, viatu mkononi,
kisigino kikigusa kidole, kisigino kikigusa kidole,
toka ukuta wa jiko hadi shina la mpapai.
"Vinne vinaingia," alisema. "Choo ndani.
Wanachuo hawataki foleni ya ndoo."

Sisi wa foleni ya ndoo tulinyamaza.
Mama Tausi akaendelea kuanua,
vibanio mdomoni, hata asingeweza kujibu.

Mwaka wa tisa huu nakaa hapa Isevya, chumba cha tatu.
Dirisha langu halijawahi kutazama kitu cha maana:
kamba ya nguo, karo, kuku wawili wa Mihambo,
na anga, kipande kisichozidi mkeka.
Na fundi wa karibu, asiyedai nauli,
ni mimi.

Tulikubaliana: nusu taslimu, nusu kwenye kodi.
Miezi saba nisidaiwe.
Kabula, mke wangu, aliuliza neno moja tu:
"Na dirisha?"
Nikatafuta mwiko wangu ulipo.

Tulichimba msingi. Ardhi ikatoa
kijiko cha mtoto, kandambili isiyo na mwenziwe,
na betri sita za redio, zimevimba kwa kutu,
za marehemu mumewe, mtu wa reli,
aliyesikiliza taarifa ya habari na kumbishia msomaji.
Bi Nyanzala alizipangusa kwa upindo wa kanga
moja moja, kisha akazirudisha mtaroni.
"Zege limwage hapo hapo," akasema, akaenda zake.

Matofali yalitoka Malolo, mengine hayajaiva;
ukiyagonga yanaitika kivivu,
kama mtu aliyeamshwa na mgeni.
Kozi ya kwanza. Ya tatu. Ya saba ikafika usawa wa dirisha.
Mimi upande wa vyumba vipya, Kabula ndani anachambua choroko,
na kila tofali nililolaza likamla:
mikono, halafu kidevu,
halafu yakabaki macho na kilemba.
"Fundi," aliita. Hajawahi kuniita fundi.
"Bado unaniona?"

Nilisema naona.
Nikachota udongo.

Sasa niseme nililolificha.
Usiku wa kuamkia msingi nilitoka na tochi,
nikang'oa vigingi viwili, nikavisogeza futi moja.
Futi moja tu. Nikatandaza vumbi juu ya matundu
kama paka.
Asubuhi Bi Nyanzala akapima tena,
na mwisho wa safari mguu wake mmoja
ukakosa pa kukanyaga.
Aliuacha hewani kitambo.
"Kamba yako imelewa, Fundi Shija."
"Labda umande, mama."
Hakucheka. Hakusema irudishwe.
"Basi chumba cha mwisho kitakuwa chembamba,
na kodi yake itakuwa nyembamba.
Pengo hilo utaliziba wewe."
Miezi saba ikawa mitano.

Kwa hiyo nilinunua futi moja ya jua
kwa kodi ya miezi miwili,
na sijui Tabora hii nani mwingine amewahi kuuziwa.
Huingia saa tisa alasiri, ubavu ubavu, katikati ya kuta mbili,
hupita juu ya sufuria, juu ya mto,
hupanda hadi kwenye kalenda ya mwaka juzi, hutoka.
Kabula huufuata na kigoda chake
kidogo kidogo, akishona vifungo.

Chumba chembamba alikipanga binti wa Urambo,
anasomea uuguzi, salamu zake nyingi.
Jana alifunga kamba humo uchochoroni,
ukuta kwa ukuta,
akaanika gauni la njano.

Nilisimama niende kumwambia.
Nilipogeuka, chumba chote kilikuwa njano:
sufuria, mto, kalenda,
mikono ya Kabula na sindano yake.
Hakuinua uso.
Alivuta kigoda mbele kidogo,
nami nikakaa.