Ukurasa wa Nane

Habari husema: mtaro umeziba,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
maji yameingia kwa watu saa tisa usiku.
Kisha hujiendea zake, kama tarishi.
Maoni hayana haraka hiyo.
Huvuta kigoda, hukaa mlangoni,
huuliza: na aliyelipwa kuuzibua ni nani?

Mimi huandika ukurasa wa nane,
juu yangu bei ya mkonge, kando tangazo la magodoro.
Maneno mia nne. Mhariri huyapogoa,
hubaki mia tatu na jina:
Mhina Shekiondo, mwalimu mstaafu, Chumbageni.

Mwezi wa Machi niliandika kwa ukali:
mafundi baiskeli waondoke vibarazani,
mji upumue, wapita njia wapite.
Nilitia methali mbili, nikatia na takwimu.
Nikajiona nimesema.

Jumamosi cheni ikanikatikia
mbele ya kibanda cha Mdoe.
Hakutaja gazeti. Aliunga, akapaka grisi,
akanifungia goroli za akiba kwenye karatasi.
"Utalipa mwisho wa mwezi, Mwalimu,
kama kawaida yako."

Nyumbani nikaikunjua, nikajikuta:
picha yangu ndogo, grisi hadi mashavuni,
na pambizoni, kwa wino wa bluu,
mwandiko niliouchapia fimbo darasa la nne:
*Hapa umepima upana wa baraza.
Wangapi wanakula hapo, hukupima.*

Nilikaa na mistari ile
hadi chai ikaota utando.
Haikuwa na methali hata moja,
nami sikuwa na jibu.

Wako wasemao maoni ni kelele za wenye nafasi,
kesho asubuhi hufungiwa visheti.
Kweli, hufungiwa. Na goroli pia.
Ila kilichofungwa sharti mtu akifungue,
na mtu ana macho,
na huko gereji, kumbe, ana kalamu.

Wiki ile nilipeleka maneno sitini.
Mhariri akapiga simu: "Mzee, unaumwa?"
Siumwi, nikamwambia.
Nafasi iliyobaki ni ya Mdoe, analeta mwenyewe mchana,
karatasi ina grisi, msiikatae.
Na tafadhali,
huyo usimpogoe.